AFYA: Presha na kisukari hurithiwa kwa kiasi gani?

Katika matanga mengi humu nchini, baada ya marehemu kuzikwa, wazee huketi kando chini ya mti na kuanza kuhesabu. Babu alianguka ghafla shambani. Shangazi alipooza upande mmoja wa mwili. Sasa amefuata huyu, ambaye madaktari walisema alikuwa na shinikizo la damu pamoja na kisukari. Hatimaye hutolewa kauli ambayo kila mmoja huiafiki kimyakimya: maradhi haya ni ya ukoo, na hakuna awezaye kuyakwepa.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni wahenga hao hao waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kuhusu shinikizo la damu na hali ya mwili kukaidi insulini, ambayo hutangulia kisukari cha aina ya pili, wanasayansi wa jeni wamegundua kwamba methali zote mbili zina nafasi yake, na kwamba hatari kubwa humpata yule anayeshika moja na kuisahau nyingine.

Suala hili si la wasomi pekee. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukizwa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Aidha, asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja.

Anayeamini kwamba presha ni ya ukoo wake hukata tamaa. Anayeamini kwamba ukoo wake hauna presha hujiona yu salama. Wote wawili hawaendi kupimwa.

Tofauti ndogo katika maandishi marefu

Jeni ni maagizo ambayo kila mtu hurithi kutoka kwa wazazi wake, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maagizo hayo yameandikwa ndani ya DNA kwa alama nne tu zinazorudiwa kwa mpangilio mbalimbali, na jumla yake ni takriban bilioni 3. Mradi wa kimataifa wa kuyasoma maandishi hayo ulikamilishwa mwaka 2003, na ilibainika kwamba binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazoelekeza utengenezaji wa protini za mwili.

Ukiwalinganisha watu wawili wasio na undugu, maandishi yao hufanana kwa takriban asilimia 99.9. Kiasi kinachosalia kinaonekana kidogo, lakini katika maandishi marefu namna hiyo huwa ni mamilioni ya mahali ambapo alama moja imekaa badala ya nyingine. Nyingi ya tofauti hizo hazina madhara. Baadhi hubadilisha kidogo jinsi figo inavyoshughulikia chumvi, jinsi mshipa wa damu unavyolegea, au mahali mwili unapoweka mafuta yake.

Tafiti zilizolinganisha mapacha wanaofanana kabisa na mapacha wa kawaida zinakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za shinikizo la damu baina ya watu hutokana na urithi. Takwimu hii hueleweka vibaya mara nyingi. Haina maana kwamba nusu ya presha ya mtu fulani ililetwa na mama yake na nusu nyingine na chumvi. Maana yake ni kwamba tukiuliza kwa nini watu wa jamii moja hutofautiana, sehemu ya jibu imo katika jeni na sehemu kubwa iliyobaki imo katika maisha wanayoishi.

Kwa kuwa kila mtoto hupata mchanganyiko wake mwenyewe kutoka kwa wazazi, ndugu wa tumbo moja wanaweza kurithi vitu tofauti. Ndiyo sababu katika nyumba moja kaka akapatwa na presha akiwa na miaka 35, ilhali dada yake akafika 70 bila tatizo.

Figo na chumvi

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Hupimwa kwa milimita za zebaki. Kipimo cha 120 kwa 80 huchukuliwa kuwa cha kawaida kwa mtu mzima, na kinachofika 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa kwa siku tofauti, huitwa shinikizo la juu.

Wengi hudhani kwamba presha ni ugonjwa wa moyo au wa mawazo mengi. Moyo na mawazo vina sehemu yake, lakini jeni zimetuelekeza zaidi kwenye figo. Kila siku figo za mtu mzima huchuja karibu lita 180 za maji kutoka kwenye damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini pamoja na chumvi iliyomo. Zikirudisha chumvi kupita kiasi, maji hufuata chumvi hiyo, damu huongezeka ujazo, na shinikizo hupanda.

Ushahidi wa jambo hili ulitokana na familia chache zilizokuwa na matatizo yasiyo ya kawaida. Kuanzia mapema katika miaka ya 1990, mtafiti Richard Lifton wa Marekani na wenzake walichunguza koo ambazo watu wake walikuwa na presha ya juu mno tangu ujanani, na nyingine ambazo presha yao ilikuwa ya chini mno. Katika karibu kila ukoo, jeni moja iliyoharibika ilikuwa imevuruga kazi ya figo ya kuhifadhi au kutoa chumvi.

Mfano mmojawapo ni ugonjwa uliopewa jina la daktari Grant Liddle, aliyeueleza mwaka 1963. Watafiti waligundua chanzo chake mwaka 1994: vijia vidogo vya kupitishia chumvi katika figo hubaki wazi wakati wote, kama bomba lililokosa wa kulifunga. Mgonjwa anaweza kuwa kijana asiye na kitambi na bado presha yake ikapanda kupindukia. Dawa ya amiloridi, ambayo huziba vijia hivyo, humsaidia kuliko dawa nyingi za kawaida za presha. Mtoto wa mgonjwa huyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi hali hiyo.

Magonjwa ya aina hii, ambapo jeni moja inatosha kuleta presha, ni nadra. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Mwaka 2018 ilichapishwa tafiti iliyochunguza zaidi ya watu milioni 1 wenye asili ya Ulaya, na kufikisha zaidi ya 900 idadi ya mahali katika DNA panapohusishwa na shinikizo la damu. Kila mahali pamoja huongeza au kupunguza kiasi kidogo mno, aghalabu chini ya milimita 1 ya zebaki.

Haba na haba hujaza kibaba. Aliyerithi vibaba vingi vya kupandisha presha huanza maisha akiwa karibu zaidi na ukingo kuliko mwenzake. Hata hivyo, kuwa karibu na ukingo si kuanguka.

Hodi isiyoitikiwa

Upande wa pili wa suala hili ni insulini. Hii ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Mtu anapokula ugali, chapati au mkate, chakula hicho husagwa na kugeuzwa sukari inayoingia katika damu. Insulini huipeleka sukari hiyo kwenye seli za misuli, ini na mafuta, na kupiga hodi. Seli zenye afya huitikia na kuipokea sukari.

Kwa baadhi ya watu, seli huanza kuwa nzito wa kuitikia. Insulini hubisha, lakini mlango haufunguliwi upesi. Hali hiyo ndiyo huitwa ukinzani wa insulini. Kongosho hujitahidi kwa kutoa insulini zaidi na zaidi, na kwa miaka mingi sukari ya damu inaweza kubaki ya kawaida huku mwenyewe hahisi lolote. Kongosho likichoka, sukari hupanda na kisukari cha aina ya pili hudhihirika.

Jeni huingilia kati kwa njia kadhaa. Mwaka 2007 watafiti waliihusisha jeni iitwayo FTO na unene. Watu waliorithi nakala mbili za umbo lake la hatari walikuwa na uzani unaozidi wa wenzao kwa wastani wa kilo 3 hivi. Jeni hii haimlishi mtu kwa nguvu, bali inahusishwa na hamu ya chakula. Unene nao, hasa wa tumboni, huongeza ukinzani wa insulini.

Mwaka 2017 tafiti nyingine ilitambua mahali 53 katika DNA panapohusiana na ukinzani wa insulini, na ikafichua jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Watu waliobeba tofauti nyingi za aina hiyo hawakuwa lazima wanene. Tatizo lao lilikuwa ghala. Mwili wao haukuwa na uwezo mkubwa wa kuhifadhi mafuta chini ya ngozi ya mapaja na nyonga, kwa hivyo mafuta yalitafuta pa kwenda na kuishia katika ini na misuli, mahali ambapo huzuia kazi ya insulini.

Hii hueleza jambo linalowashangaza wengi mitaani. Mtu mwembamba mwenye kitambi kidogo anaweza kupatwa na kisukari, ilhali jirani yake mwenye nyonga pana akabaki salama kwa miaka. Mizani pekee haisemi kila kitu. Utepe wa fundi cherehani ukizungushwa kiunoni hutoa habari ambayo mizani haina.

Vilevile ni muhimu kutofautisha ukinzani wa insulini na uchovu wa kongosho. Jeni ya TCF7L2, iliyotambuliwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006, ni miongoni mwa zile zenye uzito mkubwa zaidi katika kisukari cha aina ya pili. Kila nakala ya umbo lake la hatari huongeza uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 40. Lakini jeni hii haizifanyi seli kuwa viziwi, bali hudhoofisha uwezo wa kongosho kutoa insulini. Aliyerithi udhaifu wa upande mmoja anaweza kustahimili. Aliyerithi pande zote mbili hulemewa mapema.

Pale presha na sukari zinapokutana

Si sadfa kwamba presha na kisukari huandamana katika mwili mmoja. Mwaka 1988, Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba ukinzani wa insulini, shinikizo la damu na kasoro za mafuta ya damu mara nyingi huwa ni kundi moja linalotembea pamoja.

Maelezo ya uhusiano huo yamo katika viungo ambavyo tumekwisha kuvitaja. Insulini huziambia figo zihifadhi chumvi. Misuli ikishakuwa viziwi kwa insulini, figo kwa kawaida huendelea kuisikia. Kwa hivyo, insulini nyingi inayotolewa ili kuishurutisha misuli huishia kuzifanya figo zirudishe chumvi zaidi mwilini. Aidha, insulini nyingi huamsha neva zinazokaza mishipa, na mishipa yenyewe hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kulegea.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyerithi figo zinazopenda chumvi na ghala dogo la mafuta ana mizigo miwili inayosaidiana kumwelemea. Hata hivyo, si kila mwenye presha ana ukinzani wa insulini, na wako wenye kisukari ambao presha yao haina kasoro. Kinachopasa ni kwamba anayegunduliwa na tatizo moja apimwe pia lile la pili.

Jeni zile zile, mji mwingine

Iwapo urithi ungekuwa ndio mwamuzi wa mwisho, mtu angebeba presha yake popote aendako bila mabadiliko. Mojawapo ya tafiti zilizoonyesha kwamba sivyo ilifanyiwa hapa Kenya.

Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuatilia watu wa jamii ya Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi, na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba shinikizo la damu la waliohama lilikuwa limepanda kuliko la waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana katika miezi ya mwanzo ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, ishara kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi na vyakula vya shambani kidogo.

Jeni hazibadiliki kati ya kupanda basi na kushuka. Kilichobadilika ni chakula, kazi, usingizi na wasiwasi wa maisha mapya.

Tafiti nyingine iliyochapishwa mwaka 1997 iliwachunguza watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika pande tatu za dunia. Shinikizo la juu la damu lilipatikana kwa asilimia 16 ya watu wazima katika Afrika Magharibi kwenyewe, asilimia 26 katika visiwa vya Caribbean, na asilimia 33 nchini Marekani. Chimbuko lao lilikuwa moja, lakini mazingira yaliwatenganisha.

Mwaka 1962 mwanasayansi James Neel alipendekeza kwamba huenda jeni zinazoleta kisukari leo ziliwafaa mababu, kwa kuwa ziliwawezesha kuhifadhi nguvu wakati wa njaa. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu dhana hiyo, na wengi wanaiona kuwa rahisi mno. Lakini swali lililoizaa lingali na maana. Mwili unaohifadhi chumvi kwa bidii haukuwa na shida mahali ambapo chumvi ilikuwa adimu. Shida ilianza chumvi ilipojaa katika chipsi, soseji na viungo vya pakiti, na matembezi ya kwenda mtoni yalipogeuka kuwa safari ya matatu.

Mwafrika katika kitabu cha jeni

Jambo lingine linalopasa kueleweka ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya yametoka kwa watu wasiofanana nasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya watu waliohusishwa katika tafiti kubwa za aina hii walikuwa na asili ya Ulaya. Waliokuwa na asili ya Afrika walikuwa asilimia 3 tu.

Hali hiyo ni ya kusikitisha kwa sababu Afrika ndiyo chimbuko la binadamu, na ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara jingine lolote. Kinachotabiri hatari kwa mkazi wa Helsinki si lazima kitabiri hatari kwa mkazi wa Homa Bay au Lamu.

Kwa mfano, mwaka 1992 badiliko fulani katika jeni ya anjiotensinojeni, protini inayohusika na kukaza mishipa, lilihusishwa na presha kwa familia zilizochunguzwa Utah na Paris. Badiliko hilo hilo hupatikana kwa Waafrika walio wengi, wenye presha na wasio nayo. Kipimo kinachomwonyesha karibu kila mtu kuwa katika hatari hakimsaidii yeyote.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2019 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watu 5,000 kutoka Nigeria, Ghana na Kenya, ambapo jeni ya ZRANB3 ilihusishwa na kisukari cha aina ya pili. Jeni hiyo haikuwa imejitokeza katika tafiti za Ulaya. Wakazi wa mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi nao walishiriki katika mradi wa AWI-Gen, uliokusanya habari za jeni na afya ya moyo na mishipa kutoka nchi nne za Afrika.

Hadi kazi hiyo itakapopevuka, msomaji anayeshawishiwa kulipia kipimo cha jeni cha kutabiri presha au kisukari anapaswa kufikiri mara mbili. Alama zinazotolewa na vipimo vingi vya namna hiyo zilipangwa kwa kutumia damu ya Wazungu, na usahihi wake hupungua zinapotumiwa kwa Waafrika. Historia ya familia pamoja na mashine ya kupimia presha humweleza mtu zaidi, kwa gharama ndogo.

Jeni katika chumba cha daktari

Hata bila kipimo cha jeni, tofauti za kurithi zinagusa matibabu ya kila siku kwa njia tatu ambazo mgonjwa anafaa kuzifahamu.

Kwanza, kijana wa chini ya miaka 30 aliye na presha ya juu sana, hasa ikiwa mzazi wake alikuwa hivyo hivyo au potasiamu yake ya damu iko chini, hafai kupewa tembe na kuambiwa aende nyumbani tu. Anahitaji kuchunguzwa iwapo kuna chanzo mahususi, yakiwemo yale magonjwa nadra ya jeni moja na magonjwa ya figo na tezi.

Pili ni uchaguzi wa dawa. Waafrika wengi wenye presha wana kiwango cha chini cha renini, homoni inayotolewa na figo, ishara kwamba miili yao imeshikilia chumvi na maji. Baadhi ya dawa, zikitumiwa peke yake, huwa na nguvu ndogo kwa wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyowashirikisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliopewa amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, walipata nafuu kuliko waliopewa perindoprili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini.

Vilevile, tafiti iliyofanywa Kenya, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wagonjwa ambao presha yao ilikataa kushuka walidhibitiwa vyema zaidi madaktari walipopima kwanza renini na aldosteroni, kisha wakachagua dawa kulingana na matokeo. Rangi ya ngozi haimwambii daktari kila kitu. Watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuhitaji dawa tofauti.

Tatu ni kipimo cha kisukari. Kipimo kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu kwa kuangalia sukari iliyoganda kwenye chembechembe nyekundu za damu. Lakini tofauti mbili za jeni zilizoenea katika maeneo yaliyozoea malaria, kama vile Pwani na ukanda wa Ziwa Victoria, zinaweza kukidanganya. Moja ni kubeba nakala moja ya jeni ya selimundu, na nyingine ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hufupisha maisha ya chembechembe hizo.

Kwa watu hao, HbA1c inaweza kuonekana ya chini kuliko sukari halisi, na mgonjwa akaambiwa yu mzima kumbe sivyo. Anayejua kwamba katika familia yake kuna selimundu au upungufu wa G6PD anafaa kumjulisha daktari, ili apimwe pia sukari ya damu kabla ya kula.

La kufanya kabla ya matanga

Je, aliyerithi jeni mbaya ana faida yoyote akibadili mwenendo? Swali hili limejibiwa kwa majaribio. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walitangaza matokeo ya mpango uliowahusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa wakikaribia kupata kisukari. Waliopunguza uzani kwa lengo la asilimia 7 na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58.

Mwaka 2006 damu ya watu hao hao ilichunguzwa kuhusu jeni ya TCF7L2. Wale waliokuwa na nakala mbili za hatari waliugua zaidi walipoachwa bila msaada maalumu. Lakini katika kundi lililobadili chakula na kufanya mazoezi, hatari hiyo ya ziada haikuonekana wazi tena. Jeni zilikuwa pale pale, ila nguvu zake zilikuwa zimepunguzwa.

Kwa msingi huo, hatua ya kwanza ni kuijua historia ya familia. Uliza ni nani kati ya wazazi, ndugu, babu na nyanya aliyekuwa na presha, kisukari, kiharusi au ugonjwa wa figo, na alianza akiwa na umri gani. Aliyeanza kabla ya miaka 50 ana uzito zaidi katika hesabu hiyo kuliko aliyeanza akiwa na 75.

Hatua ya pili ni kupimwa. Presha kwa kawaida haina maumivu wala dalili, na ukinzani wa insulini vivyo hivyo. Mtu mzima apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye historia ya familia apimwe pia sukari. Tangu mwaka 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari ili wawafikie watu majumbani.

Hatua ya tatu iko mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya pakiti. Ndizi, maharagwe, viazi vitamu na mboga za kienyeji huongeza potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa chumvi, ingawa mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Soda na chai yenye vijiko vingi vya sukari zipunguzwe. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu tu anajihisi vizuri, kwa kuwa kujihisi vizuri ndiyo kazi ya dawa hizo.

Wazee wanaohesabu chini ya mti hawafanyi makosa. Hesabu yao ndiyo kipimo cha kale zaidi cha jeni, na bado kina manufaa. Kosa ni kwamba hufanywa ikiwa imechelewa, na huishia kwenye masikitiko badala ya kuwapeleka vijana wa ukoo huo zahanati kupimwa asubuhi inayofuata.